Siku Bunge Lilipotoka Hewani: Uchambuzi wa Kisa cha TBC, Januari 2016

Asubuhi ya Jumatano, 27 Januari 2016, Bunge la Tanzania lilikuwa limekaa Dodoma kujadili hotuba ambayo Rais John Magufuli alilifungulia Bunge hilo miezi miwili nyuma. Waziri wa Habari, Nape Nnauye, akainuka na kauli ya serikali. Alisema TBC, shirika la utangazaji la umma, haitaendelea kurusha mijadala ya Bunge moja kwa moja kama ilivyozoeleka. Sababu aliyoitoa ni gharama: shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka, mzigo ambao shirika haliuwezi. Badala yake kutakuwa na kipindi cha usiku, "Leo katika Bunge", kitakachokusanya yaliyojiri mchana kutwa.

Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Mjini na mbunge pekee wa ACT-Wazalendo, akasimama kuomba mjadala wa hotuba ya Rais usitishwe ili Bunge lijadili kwanza kauli hiyo. Mwenyekiti aliyekalia kiti siku hiyo, Andrew Chenge, hakukubali. Wabunge wa upinzani wakasimama, wakakataa kukaa. Kikao kikaahirishwa. Kabla siku haijaisha, polisi wenye kofia ngumu walikuwa wameingia ndani ya ukumbi kuwatoa wabunge, jambo ambalo wengi wetu hatukuwahi kulifikiria.

Kisa hiki husimuliwa kama ugomvi wa serikali na upinzani, na kweli ugomvi ulikuwepo. Lakini naamini kilichokatwa siku ile kilikuwa sehemu pekee ya runinga ya umma ambako mpinzani alizungumza bila kuombewa nafasi na mtu, na ambako mbunge wa chama tawala naye aliweza kumpinga waziri wa serikali yake wananchi wakishuhudia. Hilo la pili halisemwi sana. Ndilo linaloniuma zaidi, na nitalirudia.

Kualikwa na kutumwa

Bara tulichelewa kuwa na runinga. Wazanzibari walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Sisi tulisubiri hadi 1994 vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo, na runinga ya taifa ikaja baada ya hapo, ikiitwa TvT kabla ya kuwa TBC. Ilirithi tabia za Redio Tanzania: taarifa ya habari huanza na Rais, ikashuka kwa Makamu, kwa Waziri Mkuu, kwa mawaziri, na muda ukibaki ndipo wengine. Vyama vingi vilikuwa vimerejea 1992, lakini mpangilio wa taarifa ya habari haukubadilika kwa sababu ya sheria ya vyama.

Kiongozi wa upinzani aliyetaka kusikika studio alitegemea watu watatu: mtayarishaji amwalike, mhariri asimkate, na mkurugenzi asipigiwe simu. Mmoja akiteleza, kipindi hakuna. Na hata akialikwa, anakaa kama mgeni; mwenye nyumba ndiye anayeuliza, ndiye anayeamua mada, ndiye anayesema muda umetuishia.

Bungeni mambo yalikuwa mengine. Mbunge wa Chadema, CUF au NCCR-Mageuzi hakualikwa na TBC. Alitumwa na watu wa jimbo lake, na kamera ilimkuta pale. Dakika zake zilihesabiwa na kengele ya Spika. Kila bajeti ya wizara ilisomwa na waziri, yakafuata maoni ya kamati, halafu maoni ya Kambi Rasmi ya Upinzani yakisomwa na waziri kivuli. Alhamisi ilikuwa siku ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, na Kiongozi wa Kambi ya Upinzani alipata nafasi yake. Kwa maneno mengine, kanuni za Bunge ndizo zilizoifanya runinga ya taifa imrushe hewani msemaji wa upinzani wa kila wizara, mwaka hadi mwaka, bila mtu yeyote wa studio kuulizwa kama anapenda.

Juu ya hayo kulikuwa na Katiba. Ibara ya 100 inampa mbunge uhuru wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge, na alichosema humo hakiwezi kuhojiwa mahakamani. Gazeti likiandika kwamba mkataba fulani una harufu ya rushwa, linajiandaa kwa kesi ya kashfa. Mbunge akilisema hilo akiwa amesimama ukumbini, analindwa. Ukiunganisha kinga hiyo na kamera iliyowashwa unapata kitu ambacho nchi yetu haikuwa nacho mahali pengine popote: tuhuma nzito dhidi ya wakubwa, zikisemwa waziwazi kwenye chombo cha serikali, na mtuhumiwa akiwa pale pale na nafasi ya kujibu.

Buzwagi, Richmond, Escrow

Samuel Sitta alishika kiti cha Spika mwishoni mwa 2005 akijinadi kwa "kasi na viwango". Chini yake kuangalia Bunge kukawa kama kuangalia mpira. Watu walijua kanuni. Mtu wa bodaboda alikuwa anakueleza tofauti ya "taarifa", ya kumpasha habari anayezungumza, na "mwongozo", wa kuomba kiti kiamue jambo la utaratibu, na alijua mbunge akitishia "kushika shilingi" ya mshahara wa waziri maana yake nini: anazuia bajeti ya waziri huyo hadi apate majibu.

Agosti 2007 Zitto Kabwe, akiwa bado kijana wa Chadema kutoka Kigoma Kaskazini, alitaka Bunge liunde kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi ambao Waziri Nazir Karamagi aliusaini London. Bunge likamgeuzia kibao, likamsimamisha hadi Januari 2008. Kwa hesabu za kura za ukumbini alishindwa vibaya. Nje ya ukumbi alipokewa kama shujaa, na Rais Jakaya Kikwete akaunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, akamteua Zitto kuwa mjumbe. Watu waliona kilichotokea, hawakusimuliwa. Tofauti hiyo ndiyo iliyomfanya aliyepigwa kura ya kusimamishwa arudi mtaani akiwa mkubwa kuliko alivyoondoka.

Miezi sita baadaye ikaja kashfa ya kampuni ya Richmond. Kamati teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa dharura iliongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela, mwana-CCM. Ripoti yake ilisomwa Februari 2008, nchi nzima ikitega masikio, na tarehe 7 mwezi huo Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu. Baraza la Mawaziri likavunjwa. Hapo ndipo ninapowaomba wasomaji watulie kidogo. Mpinzani peke yake hakumwangusha waziri mkuu. Aliyesoma ripoti ni mtu wa chama tawala, akiwatuhumu watu wa chama chake, ndani ya Bunge ambalo chama chake kilikuwa na wingi mkubwa. Angekuwa anasoma kwenye chumba kilichofungwa, sidhani kama mambo yangefika pale yalipofika. Wabunge wenzake walijua kwamba kila anayesimama kumkingia kifua mtuhumiwa anaonekana jimboni kwake saa ile ile.

Halafu Tegeta Escrow, Novemba 2014. David Kafulila wa NCCR-Mageuzi ndiye aliyeivalia njuga kashfa hiyo bungeni: zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizokuwa zimehifadhiwa Benki Kuu wakati shirika la umeme la taifa, Tanesco, na kampuni binafsi ya kufua umeme, IPTL, wakigombana, zikatolewa. Kamati ya Hesabu za Serikali ikaileta ripoti. Mwenyekiti wake alikuwa Zitto, makamu wake Deo Filikunjombe, mbunge wa Ludewa kwa tiketi ya CCM, na wawili hao walipokezana kusoma. Upande wa serikali, Waziri wa Nishati, Profesa Sospeter Muhongo, alijibu kwa muda mrefu na kwa takwimu, akisisitiza kwamba fedha zile hazikuwa za umma.

Nilikuwa kwenye saluni ya kiume mtaani kwetu jioni moja ya wiki ile. Kinyozi aliacha mashine hewani, kichwa cha mteja kikiwa nusu. Hakuna aliyelalamika, hata mwenye kichwa. Ninachokumbuka zaidi ni kwamba mle ndani watu hawakukubaliana. Mzee mmoja alisema Muhongo ana hoja, fedha za kampuni si za serikali. Kijana akambishia kwamba ndani yake kuna kodi. Walikuwa wanabishana juu ya umiliki wa akaunti ya Benki Kuu, watu ambao jana yake walikuwa wanabishana juu ya Simba na Yanga, na kila mmoja alikuwa amesikia pande zote mbili kwa masikio yake. Nimekaa kwenye semina nyingi za elimu ya uraia na sijaona darasa kama lile.

Desemba 2014 Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu, Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa uwaziri, na Januari 2015 Muhongo naye akaachia ngazi.

Bilioni 4.2

Hoja ya gharama si ya kudharau, na iliingia masikioni kwa urahisi kwa sababu ya majira yake. Rais Magufuli alikuwa na miezi mitatu madarakani. Alikuwa amefuta sherehe za Uhuru za Desemba 2015 na kutaka watu wafanye usafi. Alikuwa amepunguza safari za nje. Wananchi wengi, mimi nikiwemo, tulifurahi kuona matumizi yanabanwa. Waziri aliposema bilioni 4.2, mtu wa kawaida alifikiria madawati na dawa.

Basi tuiweke namba hiyo mezani. Bajeti ya serikali ya mwaka ule wa fedha, 2015/16, ilikuwa takriban shilingi trilioni 22.5. Ukigawanya, katika kila shilingi 5,000 zilizopangwa kutumika, matangazo ya Bunge hayafiki hata shilingi 1. Kwa shirika kama TBC, ambalo mitambo yake ilikuwa michakavu na ruzuku yake haba, bilioni 4.2 ni fedha nyingi mno, sina ubishi. Kwa taifa, ni bei ya wananchi kuwaona wabunge wao wakifanya kazi waliyotumwa. Anayeiita hasara ameshaamua kwamba Bunge ni tangazo la biashara lililokosa mlipaji. Hatusemi mahakama inapata hasara kwa kuwa milango yake iko wazi kwa umma.

Tena katika kipindi hicho hicho TBC iliendelea kurusha moja kwa moja ziara na hotuba za Rais, nyingine za saa kadhaa, mkoa kwa mkoa. Sipingi Rais kuonekana. Ni haki ya wananchi kumsikia. Lakini magari ya matangazo, mafundi, mafuta na muda wa setilaiti ni vile vile iwe ni Rais anazindua daraja au mbunge anauliza daraja hilo liligharimu nini. Mwenye fedha za kimoja anapokosa fedha za kingine, amechagua.

Na kama tatizo lilikuwa mfuko wa TBC tu, kulikuwa na njia ya kuwaachia vituo binafsi vyenye uwezo waingie na kamera zao. Mambo yalielekea upande mwingine: picha za mijadala zikawa zinatoka kwenye studio ya Bunge lenyewe, na vituo vinachukua kinachotolewa hapo. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzito kuliko hesabu yoyote. Uhaba wa fedha unaeleza kwa nini TBC ipunguze kazi. Hauelezi kwa nini mkono wa kuchagua picha uwe mmoja.

Saa za kazi na kuuza sura

Kulikuwa na hoja nyingine mbili upande wa serikali, na ningependa kuzitendea haki.

Ya kwanza ilisema watu wanaacha kazi kuangalia Bunge mchana. Kinyozi wangu ni shahidi kwamba lina ukweli. Hata hivyo Bunge hukaa asubuhi, likapumzika, likarudi jioni hadi giza liingie. Kikao cha jioni kingeweza kurushwa chote bila mtu kuacha jembe wala kalamu. Na kile cha asubuhi kingeweza kurudiwa usiku kikiwa kizima, bila kukatwa. Chaguo hilo lilikuwepo na halikuchukuliwa.

Ya pili ni kwamba kamera iliwaharibu wabunge. Waliacha kuchambua bajeti wakawa wanauza sura: vijembe, mipasho, kuomba mwongozo usio na kichwa wala miguu ili jimboni waonekane. Hili ni kweli kabisa, na pande zote mbili zilikuwa na wataalamu wake. Nimewahi kuzima runinga kwa aibu mbunge wa upinzani alipotumia dakika zake zote kumtukana mtu badala ya kumuuliza alikopeleka fedha. Ila naomba tuulize: nani alimrekebisha mbunge huyo? Waliomwona. Wapiga kura walipata vijembe na uvivu wa wabunge wao bila chujio, na mwaka wa uchaguzi ulipofika walikuwa na la kusema. Mbunge aliyesinzia alionekana amesinzia. Kiti kitupu kilionekana kitupu. Kamera iliwabana wapinzani kama ilivyowabana mawaziri, maana mtu aliyepayuka mubashara hana pa kujificha.

Mkasi

Sasa tufike kwenye kipindi cha usiku. Watu wengi walisema, basi si yataonyeshwa jioni, ugomvi wa nini?

Kipindi cha saa moja kutoka kwenye siku ya vikao viwili lazima kikate. Hata mhariri mwenye nia njema kuliko wote atakata, na atakata kwanza yale yanayoonekana kama vurugu: kelele, miongozo, mabishano ya kanuni. Atabakisha waziri akijibu vizuri, mbunge akishukuru kwa barabara, na sentensi mbili za mpinzani. Hakuna uongo hata mmoja ndani ya kipindi hicho, na bado mtazamaji atalala akiamini Bunge lilikuwa na amani.

Chukua upigaji kura. Maamuzi mengi ya Bunge letu hupitishwa kwa sauti. Anayekalia kiti huwahoji wabunge, wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, kisha husema anafikiri walioafiki wameshinda. Kwenye matangazo ya moja kwa moja, mtu aliyeko Tandahimba au Tarime alikuwa na masikio yake. Alisikia ile "siyo" ilikuwa nzito kiasi gani, na akaamua mwenyewe kama kiti kimesikia sawasawa. Kwenye kipindi cha kuhaririwa unaambiwa hoja imepita.

Au chukua Juni 2013, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akijibu maswali ya Alhamisi. Aliulizwa kuhusu nguvu zinazotumiwa na vyombo vya dola, akasema wanaokaidi watapigwa tu, maana serikali imechoka. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika wakaenda Mahakama Kuu, kesi ikatupwa. Mahakama haikumgusa, lakini kauli ile ilibaki midomoni mwa watu kwa miaka, na hakuna msaidizi aliyeweza kusema bosi wake amenukuliwa vibaya, kwa sababu hakunukuliwa. Alisikika. Jiulize kama sentensi ile ingepita kwenye meza ya mhariri wa chombo cha serikali saa kumi jioni, akiwa na saa nne za kuamua nini kiingie.

Hapa ndipo ninapomrudia mbunge wa CCM. Mpinzani aliyekatwa kwenye runinga bado ana chama kitakachosambaza hotuba yake, ana wafuasi wanaomtafuta. Mbunge wa chama tawala anayempinga waziri hana kitu hicho. Chama hakitamsambaza, chama kitamwita kumhoji. Ngao yake pekee ilikuwa kwamba watu wa jimbo lake wamemwona akisema kweli, na kumwadhibu kutakuwa na gharama. Filikunjombe alisoma ripoti ya Escrow akiwa na ngao hiyo. Mwakyembe alikuwa nayo. Ukiiondoa, mbunge huyo anabaki na kamati ya chama upande mmoja na ukimya upande mwingine, na mtu mwenye busara zake atachagua kushukuru kwa barabara. Kwa hiyo kila nikisikia mtu wa CCM akisema matangazo yale yaliwanufaisha wapinzani tu, namkumbusha Richmond.

Baada ya Januari

Mei 2016 Bunge liliwasimamisha wabunge 7 wa upinzani kwa yaliyotokea siku ile ya Januari, wakiwemo Tundu Lissu, Ester Bulaya, Halima Mdee na Zitto. Adhabu zilitofautiana; zilizokuwa kali zilivuka mkutano ule wa bajeti zikaingia hadi unaofuata. Wiki hizo hizo upinzani ukagoma kukaa katika vikao vinavyoongozwa na Naibu Spika, Tulia Ackson. Alipoingia, wao walitoka.

Nauheshimu uchungu wao, lakini mgomo ule ulikuwa kosa. Mgomo wa kutoka nje hufanya kazi pale unapoonekana. UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walipotoka kwenye Bunge Maalum la Katiba Aprili 2014, nchi iliona viti vinavyoachwa. Juni 2016 walitoka kwenye ukumbi ambao hauonekani, wakaacha bajeti ya kwanza ya serikali mpya, ya karibu trilioni 29.5, ikipita bila wao kuichambua kwa sauti. Wabunge zaidi ya 100 waliotumwa kusema walichagua kimya wakati wenzao wa upande wa pili walishawachagulia kimya hicho. Wangebaki, wangeingiza maneno yao kwenye Taarifa Rasmi za Bunge (Hansard), na simu za mkononi zingewasaidia.

Mwezi huo huo, tarehe 7 Juni, Jeshi la Polisi likapiga marufuku mikutano ya hadhara ya kisiasa. Marufuku hiyo ilidumu hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoiondoa 3 Januari 2023. Weka mambo hayo mawili kwenye mstari mmoja wa tarehe: Januari runinga, Juni jukwaa. Aliyenyimwa dirisha la Bunge angeweza kwenda viwanja vya mikutano vya Dar es Salaam, Jangwani au Mwembe Yanga, na kipaza sauti. Ndani ya miezi mitano njia zote mbili zilikuwa zimefungwa. Vipande vya hotuba vikahamia kwenye WhatsApp na YouTube, na 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni zenye leseni na ada. Mzee wa kijijini asiye na simu janja hakuhamia popote. Kwake Bunge lilikuwa redio na runinga ya umma, basi.

Uchaguzi wa Oktoba 2020 ulipokwisha, majimbo ambayo upinzani ulitangazwa kushinda upande wa Bara yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Sitasema kuzimwa kwa kamera ndiko kulikoleta hayo. Uchaguzi ule una maswali yake makubwa kuliko runinga. Nasema tu kwamba mbunge ambaye hakuonekana akifanya kazi kwa miaka minne aliingia kwenye kampeni akiwa na mambo ya kusimulia, wakati 2010 na 2015 wenzake waliingia na mambo yaliyoonwa.

Ibara ya 18 ya Katiba inasema kila mtu anayo haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Neno ni "wakati wote". Nimelisoma mara nyingi kila ninapofikiria kile kipindi cha usiku cha saa moja.

Siku hizi nikitaka kujua kilichosemwa kwenye bajeti ile ya 2016 nafungua Taarifa Rasmi kwenye tovuti ya Bunge. Ni kazi nzuri, na watu wanaoiandika wanastahili shukrani. Majina yapo, hotuba zipo, hadi mbunge alipokatizwa na kengele. Waziri anasema jambo, na mwisho wa aya, kwenye mabano, mwandishi ameweka neno moja, Makofi. Haandiki yalitoka upande gani wa ukumbi.